Shajara ya chumba cha sinema: TV ya inchi 65, spika tano na boksi la besi, Kigamboni

Jumamosi: vipimo

Chumba kimeshatolewa vitu vyote. Kilijengwa kiwe cha wageni, kikageuka stoo, na sasa nyumba nzima tumekubaliana kiwe cha sinema na mpira ili sebule ipumue. Kuta ni tofali za inchi 6 zenye lipu, chini tailizi, juu silingi ya jipsam, na juu ya silingi ni bati. Urefu mita 4.8, upana 3.6, kwenda juu 2.9. Mlango uko ukuta wa kushoto karibu na kona ya nyuma. Dirisha la alumini liko ukuta wa kulia, upande wa mbele, nalo linapokea jua lote la jioni.

Nilisimama katikati nikapiga kofi moja. Likarudi na mlio mkali wa kutetemeka, trrrr, ule wa nyumba ambayo haijahamiwa. Ukuta mgumu ukitazamana na ukuta mgumu, sauti inarushwa huku na huku kabla ya kufa, na tailizi na silingi nazo zinachangia. Kwenye chumba cha namna hii, spika za bei yoyote zitavuruga maneno.

Na maneno ndiyo ninayoyataka. Humu ndani tunaangalia taarifa ya habari, mpira, na sinema za kutafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anazungumza juu ya sauti ya waigizaji. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, enzi za mtafsiri Lufufu wanajua kwamba mtafsiri akimezwa na kelele, sinema imekwisha. Sabufa yetu ya zamani ya sebuleni ilikuwa inamezea watu wote. Mama kila usiku anauliza, "Amesema nini huyo?" na jibu la watoto ni kuongeza sauti, ambako ni kuongeza besi. Basi kila uamuzi humu nitaupima kwa swali la mama.

Vifaa: TV tunayo tayari. Amplifaya ni ya chaneli tano yenye tundu la boksi la besi. Spika zote ni za mtumba, kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili ndogo za nyuma, na boksi la besi la inchi 10. Kabla ya kulipa nilibonyeza kwa kidole ule ukingo laini unaozunguka koni ya kila spika. Ukingo wa sponji, kwa joto na unyevu wetu wa pwani, huwa unaganda kisha unamung'unyuka kidoleni. Hizi zina ukingo wa mpira, bado unanesa. Nikalipa.

Jumapili: kochi kabla ya TV

Kwa kawaida TV ndiyo inaanza. Fundi umeme anaweka soketi anapopenda, TV inaning'inizwa hapohapo, makochi yanazungushwa ukutani, kisha spika zinatafutiwa pa kujibanza. Mimi nimeanzia kichwani kwa aliyekaa, ndipo nirudi hadi ukutani.

Soketi ya TV ilikuwa imewekwa ukuta mrefu, mita 1.7 kutoka chini. Fundi akaitetea: "Bosi, hapo ndipo watu wote wanapoweka. Mgeni akiingia tu, anaiona."

"Fundi, mgeni wangu ataiangalia kwa saa mbili nzima akiwa amekaa."

Akacheka, akatoa kalamu sikioni.

Ukuta mrefu haufai kwa sababu kutoka hapo hadi ukuta wa pili ni mita 3.6 tu. Kochi lingebidi liegemee ukuta wa nyuma, na masikio yakiwa karibu na zege namna hiyo besi inajaa na kuvimba, halafu spika za nyuma zinakosa nyuma ya kukaa. Kwa hiyo TV inahamia ukuta mfupi, tuitumie mita 4.8 yote.

Umbali wa kukaa nimeutafuta kwa njia mbili, na bahati nzuri zimekutana. Ya kwanza ni ya macho. Kioo cha inchi 65 kina upana wa sentimita 144. SMPTE, chama cha wahandisi wa sinema na televisheni cha Marekani, wanapendekeza kioo kijaze nyuzi 30 za upeo wa macho. Hapo unazidisha upana wa kioo kwa 1.87, unapata karibu mita 2.7. Watu wa THX, kampuni ya viwango vya sinema, wanataka nyuzi 40, yaani usogee hadi mita 2. Kwa sinema safi ya 4K mita 2 ni raha. Kwa picha ya king'amuzi, unaanza kuhesabu vipunje kwenye nyasi za uwanja.

Ya pili ni ya masikio. Kwa joto la hapa, tuseme nyuzi 29, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Igawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba, 9.6, utapata hezi 36, yaani mitetemo 36 kwa sekunde. Hiyo ndiyo besi ambayo chumba chenyewe kitaivimbisha. Upana unatoa hezi 48 na kimo hezi 60. Sasa, ile ya urefu inakuwa na nguvu sana kwenye kuta mbili za mwisho na karibu inapotea kabisa katikati, mita 2.4. Ukikaa katikati, mshindo wa chini unakupita. Ukikaa ukutani, unakuzidi. Wengi wanaofanya kazi hii huanza kujaribu kwenye asilimia 38 hivi ya urefu wa chumba kutoka ukutani, ambayo kwangu ni mita 1.8 kutoka nyuma, au mita 3 kutoka mbele.

Ukitoa unene wa TV na braketi yake, macho yatakuwa mita 2.95 kutoka kwenye kioo, karibu nyuzi 27. Nimeridhika. Nikachora mstari wa chaki kwenye tailizi, nikasukuma kochi hadi hapo.

Mama akaja kuangalia. "Mwanangu, mbona umeliacha katikati ya chumba kama daladala iliyokatika ekseli?" Nikamweleza kwamba nyuma yake patabaki mita na ushei, watoto watatandika busati na rafu ya vitabu itakaa pale. Habari ya busati ikamtuliza. Habari ya hezi hakuihitaji.

Katikati ya wiki: nyaya

Kariakoo. Kuna rola za waya wa spika zinazong'aa rangi ya shaba na zimeandikwa shaba tupu. Niliomba kipande, nikakwangua uzi mmoja kwa kiwembe: chini ya wekundu kukatokea weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Muuzaji hakubisha sana, alisema tu, "Kaka, hiyo ndiyo inayotoka." Sauti ingepita, lakini alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na kwa upepo wa chumvi wa Kigamboni ncha zake zinachakaa mapema. Nilizunguka hadi nikapata ya shaba kweli, milimita za mraba 2.5.

Unene huo unatosha na kubaki. Njia ndefu kuliko zote, ya spika ya nyuma kulia, inakula mita 11 ikipita chini ya ukuta na kupanda. Kwenda na kurudi ni mita 22. Shaba ya 2.5 ina kama omu 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo tunazungumzia omu 0.16 kwenye spika ya omu 8. Hiyo ni asilimia 2. Waya mnene zaidi ya hapo, au ule unaouzwa ndani ya boksi la velveti, ni kuchangia biashara ya watu tu.

Tulipita pantoni na mzigo wa waya na paipu za umeme kichwani mwa kijana wa mkokoteni. Kila aliyekuwa karibu alitaka kujua tunajenga studio ya nani.

Jumamosi: TV inapanda ukutani

Macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye kochi letu yako sentimita 105 kutoka chini. Nilimpima mke wangu, mama, na mimi, nikachukua katikati. Nataka katikati ya kioo iwe hapo au juu kidogo tu. Kioo kina kimo cha sentimita 81, kwa hiyo ukingo wa chini unakuja sentimita 64 na nukta. Kabla ya tundu lolote nilibandika selotepu ya karatasi ukutani kwa umbo kamili la TV, tukakaa tukalitazama boksi tupu jioni nzima. Wote walisema iko chini mno. Baada ya chakula wakasahau kulalamika, ndipo nikajua imekubalika. Tumezoea TV za hotelini na za baa zilizo juu ili zisiguswe, na shingo zetu zimezoea nazo.

Lipu ya ukuta huu ina karibu sentimita 2, na hiyo haibebi kitu. Plagi fupi ikiishia kwenye lipu, siku moja TV inashuka na kipande cha ukuta. Fundi alianza kutoboa bila kugongesha hadi lipu ikaisha na vumbi likabadilika rangi, kisha ndipo akawasha nyundo ya drili akaingia kwenye tofali. Plagi ya milimita 10, bolti ndefu, nne juu na mbili chini. Tundu moja liliangukia kwenye kiungo cha saruji kati ya tofali mbili, likawa linalegea. Alisogeza braketi sentimita 4 akatoboa upya. Pima maji ikawekwa juu ya braketi, kisha tena juu ya TV yenyewe, kwa sababu matundu ya braketi huwa yana nafasi ya kucheza.

Chini ya TV seremala wa mtaani alitengeneza stendi ya mninga yenye kimo cha sentimita 40, mgongo wazi. Mgongo wazi ni kwa ajili ya amplifaya. Mashine hizi zinachemka, na hapa kwetu zinaanza safari zikiwa na joto la nyuzi 30. Nimeiachia nafasi ya kiganja na zaidi juu yake, na nimepiga marufuku vitambaa vya kufuma kutandikwa pale.

Spika ya katikati inakaa juu ya stendi, chini ya kioo. Uso wake nimeusogeza hadi ukingoni kabisa mwa mbao, kwa sababu ukiiacha ndani, ubao ulio mbele unarudisha sauti na maneno yanakuwa na mwangwi wa boksi. Halafu nikaiinua pua kwa vipande vya mpira wa tairi hadi ikaelekea masikioni. Spika iko sentimita 48, masikio 105, umbali mita 2.6: inatoka kama nyuzi 12. Simu ina kipimo cha kuinama, nikaiweka juu ya spika na kusukuma mpira hadi iliposoma 12. Kazi ya dakika chache, na ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko kitu kingine chochote nilichofanya siku hiyo. Spika hii ikielekezwa magotini, mnasikia irabu tu; s na f na t zinabaki sakafuni.

Jumapili: spika za mbele na kioo cha kujitazamia

Dolby, kampuni ya sauti za sinema, wanaziweka spika mbili za mbele kati ya nyuzi 22 na 30 kila upande, kuhesabu kutoka aliyekaa katikati. Nikizipeleka hadi 30, zinabaki sentimita 30 tu kutoka kuta za pembeni. Nimeziweka mita 2.6 moja kwa nyingine, sawasawa na umbali wa kwenda kwa msikilizaji, nazo zinasoma karibu nyuzi 27. Zimetoka sentimita 40 mbele ya ukuta wa TV na zimegeuzwa ndani kidogo.

Kisha kioo. Wewe unakaa kwenye kochi, mwenzako anatembeza kioo cha bafuni ukutani kwa kimo cha spika, na pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti yake inapogonga na kukujia mara ya pili. Mwanangu mkubwa alishika kioo kwa furaha ya ajabu kwa mtoto ambaye huwa hapatikani kwenye kazi. Kulia na kushoto, alama imekuja karibu mita 1 kutoka ukuta wa TV. Kulia pameangukia dirishani. Kushoto ni lipu tupu.

Kwa hiyo dirishani pazia zito la velveti, lenye mikunjo mingi, upana wa kitambaa mara mbili ya dirisha. Linamaliza na jua la jioni pia. Kushoto inabidi nitengeneze kitu.

Wiki ya sufi

Mabodi ya pamba ya mawe yanayotumika studio niliyatafuta, nikayakuta kwa bei isiyoongeleka. Sponji ya godoro ya sentimita 3 inauzwa kila mahali, lakini wembamba huo unameza sauti za juu tu na kuacha zile za katikati, kwa hiyo chumba kinakuwa kizito na bado hakieleweki. Aliyenipa jibu ni mama, bila kuulizwa. "Si ujaze sufi?"

Mama amelalia godoro la sufi maisha yake yote. Uzi wa sufi una uwazi ndani, umejaa hewa, na umepakwa nta ya asili hata maji hayaingii kirahisi. Ndiyo maana zamani maboya ya kujiokolea majini yalijazwa sufi. Kitu chenye nyuzi nyembamba namna hiyo, hewa ikipita katikati yake inasuguana nazo na sauti inageuka joto dogo lisilohisika.

Seremala alikata fremu mbili za mbao laini, sentimita 120 kwa 60, kina sentimita 10. Nilimwambia anitegee nafasi ya sentimita 5 nyingine kati ya fremu na ukuta, kwa vipande vya mbao nyuma, kwa sababu kadiri kifyonza-sauti kinavyokaa mbali na ukuta ndivyo kinavyoshuka kwenye sauti za chini zaidi. Kazi ngumu ilikuwa kujaza. Sufi ikitolewa kwenye gunia inapaa. Ilibidi tufunge feni, madirisha na midomo. Ukiijaza legelege inashuka chini ndani ya wiki na juu panabaki mfuko mtupu. Ukiishindilia inakuwa ubao. Mama akachukua sindano ndefu ya magodoro akaanza kupiga vifundo, mbele hadi nyuma, kila shubiri moja, kama... hapana, si kama, hasa vilevile wanavyofanya kwenye godoro. Sufi imesimama, haishuki.

Kitambaa cha kufunika tulikichagua kwa kupuliza. Weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Kitenge kizito cha nta kilikataa. Khanga ilipitisha bila taabu. Mama alitoa doti yake ya zamani akasisitiza jina lisomeke, kwa hiyo ukutani sasa kuna maneno ya wasia ambayo mtu anayesukuma mlango bila kubisha atayasoma kwanza.

Tahadhari moja niiandike hapa: sufi inashika moto upesi sana. Bodi zote ziko mbali na soketi, hakuna taa inayozigusa, na mshumaa au ubani hauingii chumba hiki umeme ukikatika.

Bodi moja imekwenda kwenye alama ya kushoto, ya pili ukuta wa nyuma. Tukatandika zulia nene kati ya spika na kochi. Nikapiga kofi tena. Trrrr imekwisha, limebaki kofi.

Spika za nyuma

Fupi. Mwongozo wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, unazitaka kati ya nyuzi 100 na 120. Nilitaka 110, ila upande wa kushoto pale panakutana na fremu ya mlango, na mlango ukifunguliwa unapiga spika. Nimesogeza zote mbili, si ya kushoto peke yake, hadi sentimita 30 nyuma ya mstari wa masikio, yaani karibu nyuzi 100. Zimefungwa ukutani juu kidogo ya kichwa ili aliyekaa pembeni asipigwe sikio moja.

Jumamosi: kumtafutia besi mahali

Kwa boksi la besi kalamu na karatasi vinaishia njiani. Njia ya uhakika ni ya kichekesho: unaliweka boksi pale utakapokaa wewe, juu ya kochi, unapiga muziki wenye gitaa la besi linalotembea, kisha unatambaa kwa magoti chumba kizima, sikio chini, ukisikiliza ni wapi kila noti inatoka kwa nguvu sawa. Ukipapata, unabadilishana: boksi linakwenda pale, wewe unarudi kochini. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya sehemu mbili haibadiliki ukizigeuza.

Nilifungulia dansi la zamani nikaanza. Kona ya mbele kulia: noti mbili zinanguruma, zinazofuata zimepotea. Kona ya mlango: mlango wenyewe unaimba. Chini ya dirisha: alumini inalia. Nilikuwa nimefika nyuma ya kochi, shavu kwenye tailizi, mama mkwe alipofungua mlango.

"Shikamoo mama," nikamwamkia nikiwa palepale.

"Marahaba baba. Umeangusha nini?"

"Natafuta besi, mama."

Akaangalia kochi, akaliona boksi limekaa peke yake linanguruma. "Si ile pale?" Akafunga mlango taratibu, na huko nje nilisikia anamwita mke wangu.

Palipopatikana ni ukuta wa mbele, kati ya spika ya kushoto na stendi, kama sentimita 90 kutoka ukuta wa pembeni. Pale gitaa lilipanda ngazi zote bila kuruka. Nimeliwekea miguu ya mpira kwa ajili ya tailizi na kwa ajili ya jirani.

Jumapili: umeme unawashwa

Mlio wa mmmmm, mdogo lakini haukatiki. Nilichomoa kifaa kimoja kimoja. Nilipofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kimya. Hii ni hadithi ya kawaida: dishi limegusa ardhi kupitia nguzo yake huko juu, vifaa vimegusa ardhi kupitia athi ya soketi, na kati ya ardhi hizo mbili umeme mdogo wa hezi 50 unatembea kwenye nyaya za sauti. Dawa ni vifaa vyote kuchukua umeme kwenye soketi moja na nguzo ya dishi kuunganishwa na athi ya nyumba. Kuna mafundi watakaokwambia ukate pini ya athi kwenye plagi. Mlio utaisha, na siku moja na wewe pia. Msikubali.

Tatizo la pili lilikuwa gumu kulitambua. Muziki ukipigwa na spika mbili za mbele, mwimbaji hakai katikati; yuko kila mahali na besi imekonda. Hiyo ni dalili ya chanya na hasi kupinduliwa upande mmoja. Nilichukua betri ndogo ya volti 1.5, nikagusisha kwenye nyaya upande wa amplifaya: chanya ya betri ikigusa chanya ya waya, koni inatakiwa iruke nje. Kulia iliruka nje, kushoto ikaingia ndani. Msaidizi wa fundi alikuwa amepinda waya ndani ya paipu, nao una mstari mwembamba tu wa kutofautisha. Tumegeuza, mwimbaji akarudi mahali pake.

Kwenye umeme wetu wa volti 230 ambao jioni unapumzika kidogo, nimeweka kifaa cha kulinda kinachokata ukishuka na kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Amplifaya na TV zote ziko nyuma yake.

Usiku huohuo: kupimisha

Amplifaya ina maikrofoni ya kujipima. Niliifunga kwenye mguu wa kamera, kimo cha masikio, kwenye kiti cha katikati. Pangaboi limezimwa, friji imezimwa, watoto wamepelekwa kwa shangazi yao.

Mashine imepima umbali wa spika zote kwa makosa ya sentimita chache, isipokuwa boksi la besi: futi inasema mita 2.7, yenyewe inasema 4.1. Haijachanganyikiwa. Umeme wa ndani ya boksi unachelewesha sauti kwa karibu milisekunde 4, na mashine inahesabu ucheleweshaji huo kuwa umbali. Nimeuacha.

Nilichobadilisha ni kimoja. Iliamua spika za mbele ni kubwa, zibebe besi yote zenyewe. Nimezikata kwenye hezi 80, ya katikati kwenye hezi 100, chini ya hapo kazi yote ni ya boksi. Kisha spika ya katikati nimeiongeza desibeli 2. Kitaalamu si sawa. Kwa sikio la mama ni sawa.

Wiki ya majaribio

King'amuzi nimekitoa kwenye TV nikakichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, kwa sababu sauti ikizungukia kwenye TV kwanza ilikuwa inafika baada ya midomo. Mpira wa watani wa jadi: mtangazaji katikati, jukwaa limekuzunguka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema punguza.

Sinema ya kutafsiriwa ndiyo niliyoiogopa. Zinarekodiwa kwa chaneli mbili, na mtafsiri amewekwa sawa kulia na kushoto. Nikiziacha hivyo, aliyekaa pembeni anamsikia mtafsiri akitokea spika iliyo karibu naye. Nimeiambia amplifaya igawe chaneli mbili kuwa tano. Inachukua kilicho sawa pande zote mbili, ambacho ni mtafsiri, na kukipeleka spika ya katikati. Risasi na magari vimebaki pembeni. Mama alikaa pembeni kabisa makusudi. Alicheka kabla ya watoto.

Kilichonishinda ni masika. Mvua ikipiga bati, silingi ya jipsam peke yake haizuii, na kupandisha sauti ni kushindana na mbingu. Wakati wa mvua tunaweka maandishi chini ya picha.

Bado: mkanda wa kuficha nyaya mlangoni, pazia la pili, na kuunganisha nguzo ya dishi na athi. Fundi wa dishi amegoma kupanda juu ya bati lililoloa, na kwa hilo niko upande wake, kwa hiyo kwa sasa mlio tunaukata kwa kuchomoa waya wa dishi tukiwa tunaangalia sinema.